Msomaji wa Gatumba

"Mi sikumupata," alisema Mzee Ildephonse.

Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha duka letu, suruali ameikunja hadi magotini, miguu imejaa tope la kijivu lililokuwa limeanza kukauka na kupasuka. Viatu vyake alivifunga pamoja kwa kamba zake na kuvining'iniza begani. Hakutaka kuingia, asije akachafua vitambaa. Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 2020, juma ambalo mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuingia Gatumba. Mzee huyu wa miaka sabini na moja alikuwa ametoka huko kwa miguu na kwa baiskeli za kukodi, siku ya tatu mfululizo, akimtafuta mwanamke aitwaye Daphrose.

Mimi nilikuwa nyuma ya meza, nimeshika mkasi. Nilijua kwa nini hakumpata. Daphrose hakuwahi kuzaliwa. Nilimtunga mimi, mezani pale pale, mchana mmoja wa Desemba, kwa kalamu ya bluu ya duka.

Miaka mitano imepita na bado nikiona tope kavu kwenye kizingiti chochote nakwenda kuchota maji.

Jarida letu liliitwa Kivuko. Lilitoka mara nne kwa mwaka, nakala mia mbili, hadithi na mashairi ya Kiswahili ya watu wa mji wetu: walimu, mafundi, muuza dawa mmoja, na mke wa imamu aliyeandika mapenzi hadi tukaona haya kumsahihisha. Mhariri alikuwa Madame Raïssa, mwalimu wa sekondari, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha darasa zima. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yangu, hapa mtaa wa Jabe. Baba, Hamood, alikitoa bila kuulizwa mara mbili, akasema tu tusiweke wino karibu na hariri. Sikuwahi kumwona akisoma hata ukurasa mmoja wa jarida hilo. Mimi asubuhi niliuza vitambaa, na alasiri nilipanga barua za wasomaji na kusahihisha kurasa.

Barua hizo ndizo zilizolifanya Kivuko kuwa Kivuko. "Mutu akikusalimia, unamuitikia," Raïssa alikuwa akisema, na hilo ndilo lilikuwa sharti lake. Kila kazi iliyochapwa katika toleo moja, jina lake lilirudi katika toleo lililofuata, kwenye kurasa za wasomaji, na chini ya jina yakawekwa majibu. Kama hakuna aliyeandika, jina liliwekwa vilevile, na chini yake ikaachwa nafasi nyeupe, upana wa vidole vinne. Hakuna maelezo, hakuna pole. Wapo waliosema ni ukatili. Raïssa alisema ni ukweli, na kwamba nafasi hiyo bado iko wazi kwa atakayechelewa. Niliwahi kumwona fundi cherehani mmoja akiitazama nafasi yake nyeupe, kisha akalifunga jarida taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hakutuletea shairi tena.

Mzee Ildephonse alikaa mtaa wa Gasenyi. Alikuwa karani wa serikali kwenye ofisi ya komini kwa miaka thelathini na miwili, akiandika vizazi na vifo, na mwandiko wake ulikuwa wa kutamanika. Hadithi yake aliileta kwenye karatasi za mistari, bila neno hata moja lililofutwa. Ilikuwa ya kwanza katika maisha yake, na aliiita "Pasi". Inamhusu mwanamume ambaye mkewe amefariki. Kila Jumapili kabla ya misa anawasha mkaa, anapiga pasi gauni la mkewe, analitundika, kisha anakwenda kanisani peke yake. Ndiyo hiyo tu. Mwishoni pasi inaunguza ukosi, na mwanamume anaomba radhi kwa sauti chumbani mle.

Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Mara ya tatu nililia, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuhesabu mikato na nukta.

Mama yangu, Marwa, alifariki nikiwa na miaka tisa. Baada ya hapo, karibu mwaka mzima, kila Ijumaa asubuhi baba alipanda chumbani na chetezo, akafunga mlango, akafukiza nguo za mama kwa udi. Kanga zake, shela zake, gauni lake la kijani la Idi, zote, kama vile mwenyewe anatoka kwenda harusini. Niliona mara moja tu kupitia tundu la ufunguo. Mara nyingine zote nilikaa kwenye ngazi nikinusa harufu iliyopenya chini ya mlango, na nilichofikiri ni hiki: baba yuko ndani na mama, na mimi wamenifungia nje. Kisha Ijumaa moja harufu haikuja, na haikuja tena. Hatukulizungumza kamwe. Baba yangu ni mtu wa kutaja jina la kitambaa na upana wake, na ukitaka zaidi utangoja sana.

Toleo lenye "Pasi" lilitoka mwezi wa tisa. Hadi kufika Desemba, sanduku la mbao tulilolipigilia kwenye mlango wa duka lilikuwa limetupatia barua kumi na saba, na hakuna hata moja iliyoigusa "Pasi". Mji mzima ulikuwa unamjibu mke wa imamu. Kila Jumanne Mzee Ildephonse alipita, akauliza kuhusu kitambaa ambacho hakukihitaji, akalitupia sanduku jicho la pembeni.

"Kuna kitu?"

"Bado, Mzee."

"Bon. Watu wako na kazi."

Siku ya kupeleka kurasa kwa mchapaji nilishindwa. Sikuweza kuliona jina "Pasi" limekaa juu ya weupe ule. Hakuna sharti lililonikataza kuandika barua kama msomaji, ningeweza kuweka jina langu na mambo yakaisha. Lakini kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumwambia mzee yule kilikuwa cha baba, na baba alikuwa hatua tano kutoka kwangu akimpimia mteja kitenge. Jabe nzima inamjua Hamood. Mlango alioufunga ulikuwa siri yake, haukuwa wangu kuutangaza. Basi nikabadilisha. Udi nikaufanya rangi ya viatu, Ijumaa nikaifanya Jumamosi. *Baba yangu, mama alipofariki, kila Jumamosi alifunga mlango akapaka rangi viatu vya mama. Mimi nilikaa nje. Hadithi yako imenifungulia.* Nikatia sahihi: Daphrose, Gatumba. Nilichagua Gatumba kwa sababu akina mama wanaofanya biashara mpakani walibeba nakala kumi za kila toleo kwenda huko, na sisi wenyewe hatukwenda kamwe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilitoka Jabe ikaishia Gatumba.

Alipoisoma, Mzee Ildephonse aliomba kiti. Jumanne iliyofuata alikuja amevaa tai, na mkononi ana bahasha: kwa Dada Daphrose, msomaji, Gatumba. Akaniomba niwape wale akina mama. Baada ya majuma mawili akaleta ya pili, kisha ya tatu. Nilizificha kwenye mtoto wa meza, chini ya vipande vya bahameli, na kila nilipomuuzia mtu bahameli nilijichukia. Jibu lisipokuja, yeye ndiye aliyenipa moyo mimi. "Gatumba ni mbali kwa barua," alisema, na akaniambia ameanza hadithi nyingine.

Ndipo mto ukaja.

"Nimeuliza kwa mahema yote ya wenye kuhama," alisema siku ile ya tope. "Nimesoma zile liste za majina, mi najua kusoma liste. Mwenye kuhama ako na liste yake. Mwenye kufa ako na liste yake. Huyu hayuko kokote."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa kavu, peke yake katika mwili wake mzima. Kwa mwandiko ule ule alikuwa ameandika tangazo la mistari mitatu: Daphrose wa Gatumba, msomaji wa Kivuko, hajulikani alipo.

"Mutie hii mu jarida," alisema. "Hata kama hatujui kama amekufa. Iandikwe pahali kwamba alikuwako."

Ningeweza kuipokea. Nakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili nilitaka kuipokea, tuichape, tumlilie Daphrose sote, na uongo wangu uzikwe kwa heshima. Lakini alikuwa ametembea siku tatu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa ajili ya mtu niliyemtunga baina ya wateja wawili. Maji yakimwagika hayazoleki, nikaona heri nimwage yote.

"Mzee, Daphrose ni mimi."

Aliteremsha viatu kutoka begani akaviweka chini.

"We?"

"Mimi. Ile barua niliiandika hapa. Hizi zako ninazo mimi, sikuzifungua."

Alitazama tope la miguuni mwake. Nilitamani anitukane.

"Basi donc hakuna mutu mwenye alisoma," alisema.

"Mi nilisoma, Mzee. Mara tatu."

"Na ile ya baba yako na viatu? Ni uongo?"

Nilitupa jicho ndani ya duka. Baba alikuwa juu ya ngazi ya mbao akishusha jora la kitambaa, ametugeuzia mgongo. Nikapunguza sauti.

"Viatu ni uongo. Mlango ni kweli."

Mzee alifuata macho yangu hadi kwenye ule mgongo. Mtu aliyeandika vifo miaka thelathini na miwili, akiwa na wafiwa mbele yake, hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Ile ilinisumbua," alisema polepole. "Mutu mwenye kupaka viatu rangi hafungi mulango."

Kisha akaikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni. "Ungeniachia ile nafasi yangu nyeupe, mutoto wangu. Mi najua kungoja." Akaokota viatu akaondoka bila kuvivaa.

Nilikwenda kuchota maji nikaosha kizingiti. Baba aliuliza kutoka juu ya ngazi, "Yule mzee ana nini?"

"Amechoka."

"Ungemupa chai," alisema baba. Nikaendelea kusugua mahali palipokwisha kutakata.

Raïssa nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake zote. "Barua ya Daphrose tunaiondoa, tutawaambia wasomaji," alisema. "Na chini ya 'Pasi' nitaacha vidole vine, kama ilivyopaswa. Ukitaka kuvijaza, andika ile ya kweli, na jina lako lote. Ukikataa, ibaki nyeupe. Mais kudanganya mu jarida yangu, apana tena."

Nilipewa majuma matatu. Upande mmoja mzee aliyeamini kwamba hakusomwa na yeyote, upande mwingine baba yangu na mlango wake. Jambo la adabu lilikuwa kumwomba baba ruhusa, lakini kuomba ruhusa ilikuwa ni kulisema, na kulisema ndilo tusilolijua nyumbani kwetu. Mara ya kwanza nilimfuata stoo nikaishia kuuliza kuhusu nyuzi. Mara ya pili tulikuwa tunakula. Aliona nimeshika tonge bila kula.

"Sema," alisema.

Nikamuuliza kama samaki, zile ndagala, zimezidi chumvi. Akasema ziko sawa.

Mficha uchi hazai. Usiku haukunisaidia wala mchana, kwa hiyo niliandika alasiri, mahali pale pale, kwa kalamu ile ile ya bluu. Vidole vinne si vingi:

*Mzee Ildephonse, aliyekuandikia kwa jina la Daphrose ni mimi. Mama yangu alipofariki, baba yangu alifukiza nguo zake kwa udi kila Ijumaa, mwaka mzima, amefunga mlango. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Nilidhani nimefungiwa nje. Niliposoma "Pasi" ndipo nilipomwona mtu aliyekuwa ndani. Nisamehe. Tahani Hamood, Jabe.*

Toleo lilitoka mwishoni mwa mwezi wa sita. Jumanne ya kwanza, Mzee Ildephonse alikuja. Hakuwa amekanyaga dukani tangu siku ya tope. Nilimpa nakala, akasoma amesimama, midomo ikitembea. Alipomaliza aliziomba barua zake tatu. Nikazitoa chini ya bahameli. Akaomba pia ile fimbo yetu ya kupimia vitambaa, na kalamu.

Alilaza fimbo juu ya bahasha ya kwanza, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la Daphrose, akaandika langu juu yake, na pembeni akatia sahihi yake ndogo. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, bila haraka, na mteja aliyekuwa anangoja fimbo akangoja.

"Kwa komini, kosa halichanwi," aliniambia. "Unalikata musitari, ili mutu alione. Unaandika sawasawa juu. Unatia sahihi kwamba umekubali." Akanisukumia bahasha. "Ni zako. Zilichelewa tu."

Nilizisoma siku hiyo chumba cha nyuma. Zilikuwa barua za mtu mpole mwenye furaha asiyejua aifanyeje. Katika ya pili alikuwa ameandika: *Kama baba yako angali hai, dada, umuulize alikuwa anafikiri nini mle ndani. Mimi hakuna aliyeniuliza.*

Sikumuuliza. Baba yangu alikuwa ameacha kusema.

Si kwamba alinuna. Alitaja vitambaa, alijibu salamu, aliswali, alikula. Lakini kwenye rundo la nakala chumba cha nyuma moja ilikuwa imepungua, na sikuwa nimeiuza. Siku ya tatu mteja wetu wa zamani aliingia, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Mungu amurehemu Marwa." Baba aliitikia Amina na akageukia rafu. Nilitaka ardhi inimeze. Siku nane zilipita hivyo, nami nikawa na hakika kwamba nimempata mzee mmoja na kumpoteza mwingine, yule niliyekuwa naye tangu mwanzo.

Siku ya tisa, Alhamisi, nilifungua sanduku kama kawaida. Kulikuwa na barua nne za kumjibu mke wa imamu. Kulikuwa na mbili za "Pasi", za kweli, moja kutoka Gasenyi na moja kutoka kwa mwanamke aliyekuwa kwenye mahema ya Gatumba, ambaye alisomewa hadithi na mzee mmoja aliyekuja kumtafuta mtu. Na chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha oda cha duka letu. Mwandiko huo naujua, ndio unaoandika upana wa vitambaa. Baba yangu alikuwa ametoka nje ya duka lake mwenyewe, akazunguka, akatia barua kwenye sanduku kama msomaji yeyote.

*Nimesoma. Nilifunga mlango ili moshi usitoke. Mama yako alibakisha udi kidogo, nilikuwa naubania. Ulipokwisha nikaacha. Sikujua uko kwenye ngazi. Ningejua, ningefungua.*

Hapakuwa na jina chini.

Nilipomwonyesha Raïssa, aliisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza, kwa sauti ambayo darasa lisingeisikia, kama tuichape. Nilimwambia hapana, hii imekwisha kufika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Duka hufungwa mapema kwa ajili ya swala. Nilikuwa chini nikipanga majora nilipoisikia harufu ikishuka kwenye ngazi, nzito, tamu, ile ile na si ile ile, maana udi huu ulikuwa mpya. Nilipanda. Nilihesabu vidato bila kutaka, na nilipofika kile nilichokuwa nikikalia nilisimama kidogo. Mlango ulikuwa wazi hadi ukutani.

Baba alikuwa ameketi sakafuni, chetezo mbele yake, na nguo za mama zimemzunguka. Sikujua kwamba alikuwa amezitunza zote. Gauni la kijani la Idi lilikuwa magotini pake.

"Baba, moshi unatoka," nilisema.

"Acha utoke," alisema. Akanirushia ncha moja ya kanga. "Shika huku."